Vinywa vya Lumbelele

Mbega ndiye aliyemponza Bwana Salehe. Alimwona juu ya mvule, mkia mweupe umening'inia, akataka picha. Akaiacha njia ya mbao. Mbega akahama mti, naye akahama. Mbega akahama tena, naye yuko nyuma. Alipokuja kushtuka, njia haipo, lango la hifadhi hajui liko upande gani, na kila mti uliomzunguka umefanana na mwenzake. Hebu jaribu wewe kuingia msitu wa mvua bila njia, uone. Juu hakuna jua la kukuonyesha upande, chini ni mizizi, matope na majani yaliyooza, na ukungu ukishuka unaweza kuuzunguka mti mmoja ukadhani umepita kumi.

Basi akawa amesimama hapo anafuta jasho na kujilaumu, mara akamsikia mkewe.

"Wewe, Baba Rehani! Unazubaa nini huko? Njoo huku, chakula kinapoa!"

Sauti ilikuwa ile ile, na ukali wake ule ule wa kila siku. Bwana Salehe akaitika kwa furaha, "Nakuja, mama, nakuja!" akaifuata. Alipoufikia mti ilikotoka, sauti ikahamia mti wa mbele, ikamsubiri, ikamgombeza kidogo, ikahama tena. Hivyo hivyo, mti kwa mti, mpaka akachomoza langoni na viatu vimejaa tope. Mkewe hakuwepo. Mkewe alikuwa mjini Ngerengere, kazini kwake, hana habari hata chembe. Watu waliokuwa mgahawani wakaangua kicheko, wakampigia makofi, na yeye mwenyewe akacheka.

Huo ndio Mwito, mtambo ambao jiji zima la Ngerengere lilikuwa likijivunia. Kwenye miti mikubwa ya Hifadhi ya Lumbelele vilifungwa vinywa-mti, vidude vya ukubwa wa kifuu cha nazi, vyenye rangi ya gome. Chini ya udongo yalifukiwa masikio-ardhi yanayosikia nyayo. Mgeni akiacha njia, masikio yanajua, na bangili aliyovishwa langoni inapima mapigo ya moyo wake. Hapo Mwito unaingia kwenye Hazina ya Sauti, ambamo zimewekwa sauti za wakazi wote wa jiji tangu nyumba zilipoanza kuzungumza, na unatafuta ile ambayo moyo wa aliyepotea hauwezi kuipuuza. Wahandisi waliipa jina, sauti pendwa. Tangu Mwito uanze kazi, askari wa doria waliachishwa wote. Ya nini kumtafuta mtu ambaye atajileta mwenyewe?

Aliyetunga hesabu za kuchagua sauti pendwa alikuwa amekaa pale pale mgahawani, na hakuwa na raha. Dada huyo jina lake Zamoyoni. Kila mara aligeuza kiganja kutazama kioo kilichobandikwa hapo, akakifunga, akakifungua tena. Mbele yake alikaa mama yake, Bi Mwanvita, mwanamke wa miaka sabini na kitu, mwembamba, amejifunga kanga mbili na kuishika ncha ya moja kwa ngumi tangu walipotoka nyumbani.

Kwenye kioo kulikuwa na ujumbe wa Nyumba ya Utulivu, makao ya wazee. Nafasi ya mama imepatikana. Jumatatu, Zamoyoni abonyeze kidole chake tu, gari litakuja kumchukua. Nyumba wanayoishi ndiyo iliyoanzisha habari hiyo. Kila siku, Zamoyoni akiwa kazini, nyumba humwita mama kwa sauti ya Zamoyoni: mama, umekula? Mama, umemeza dawa? Na mama haitiki. Masikio yalipimwa yakaonekana mazima. Mwishowe nyumba ikatoa taarifa yake: mkazi haitikii mwito, akili inasinyaa, asiachwe peke yake.

Matembezi haya ya Lumbelele yalikuwa ya kumuaga, ingawa Zamoyoni hakuwa na ujasiri wa kulitamka neno hilo.

"Na yeye akaitika?" Bi Mwanvita aliuliza ghafla.

"Nani, mama?"

"Yule bwana. Kaitwa porini na mtu asiyemwona, akaitika?"

"Si mtu, mama. Ni mashine."

"Ndiyo maana nauliza."

Zamoyoni akacheka kidogo ili kuyamaliza maneno. Bi Mwanvita hakucheka. Alimtazama Bwana Salehe akipangusa viatu vyake, akamtazama kwa huruma kabisa, kisha akageukia msitu.

"Alipoangukia Chande ni mbali na hapa?"

"Mama, jamani. Si tumeshaongea hayo? Wageni hawaruhusiwi kule."

"Mimi ni mgeni?"

Chande alikuwa mdogo wake Zamoyoni, mtoto wa mwisho wa Bi Mwanvita, kijana wa maneno mengi na mikono myepesi. Yeye ndiye aliyekwea miti kufunga vinywa. Siku moja, akishuka kwenye mkangazi ulio chini ya maporomoko, kamba ilikatika. Walimzika kwa bibi yao, mlimani, watu wakalia, wakala, wakatawanyika. Tangu hapo miaka mitatu ilipita, na katika miaka hiyo Zamoyoni alipata visingizio vya kila aina vya kutomleta mama yake Lumbelele. Leo ndiyo alimleta, na bado alikuwa anamzungusha zungusha tu langoni, chai na maandazi.

Kiganja kikatetemeka. Ofisini walikuwa wanamtaka. Akanyanyuka, akasogea pembeni ya ukuta, akaongea, akabishana, akatikisa kichwa. Aliporudi mezani chai ya mama ilikuwa bado inatoa mvuke, na kiti ni kitupu.

"Mama?"

Alikwenda msalani, hakuna. Alikwenda dukani, hakuna. Mhudumu akamwonyesha kwa kidevu: bibi alipita kule, kwenye njia ya mbao, anatembea haraka haraka kama mtu aliyechelewa msibani.

Chumba cha Mwito kilikuwa juu ya lango, na madirisha yake yanatazama msituni. Zamu ilikuwa ya Maganga, Mnyamwezi mwenye kitambi na kicheko cha karibu, mtani wa Zamoyoni tangu siku ya kwanza ya kazi. Alimwona anaingia anahema, na kwenye ramani ya ukutani nukta nyekundu ilikuwa imeshaiacha njia.

"Usiniambie huyu ni mama yako," alisema Maganga. "Mluguru kapotea msituni? Hii nitaisimulia mpaka Tabora."

"Maganga, leo niache. Mwite."

Maganga akaona uso wake, akaacha utani. Akabonyeza. Kutoka dirishani wote wawili wakaisikia sauti ya Zamoyoni ikilia kwa mbali, nzuri, tulivu, bila wasiwasi uliokuwa umemjaa mwenyewe: "Mama! Mama, niko huku! Njoo huku, mama!"

Nukta ikasimama. Kisha ikageuka, ikaanza kwenda upande wa pili.

"Hajasikia vizuri," alisema Zamoyoni. "Ongeza sauti."

Maganga akaongeza. Msitu mzima ukapiga kelele kwa sauti ya Zamoyoni. Hondohondo wakaruka juu ya miti kwa kishindo cha mbawa. Nukta ikazidi kukimbia, ikaacha kilima, ikateremka bondeni kwenye utelezi, mahali ambapo hata kijana hushikilia matawi.

"Mbona anakwenda kinyume?" Maganga alishangaa. "Haijawahi kutokea. Angalia, kila tukimwita anazidi kwenda mbali."

"Ongeza!"

"Nimemaliza, Zamo. Hapa ndiyo mwisho."

Bangili ikanyamaza. Kwenye ramani alama ya moyo ikazimika. Bi Mwanvita alikuwa ameivua akaitupa, kwa kuwa nayo ilianza kumwita kwenye mkono wake mwenyewe. Wakabaki na masikio-ardhi tu, yanayosema nyayo ziko karibu na maporomoko, nyepesi, za mtu mmoja, zinateleza. Na juu ya mlima wingu la mchana lilikuwa limeshajikusanya. Lumbelele mvua haibembelezwi. Ikifika saa yake inashuka, na kijito cha pale chini kinajaa mara moja.

Zamoyoni akashika kichwa kwa mikono miwili. Jambo dogo likamrudia, jambo alilokuwa amelisahau kabisa, la siku alipokuwa hajaota hata meno ya ukubwani. Walikwenda yeye na mama kuokota uyoga kando ya msitu wa kwa bibi. Mama akapotea nyuma ya migomba-mwitu. Zamoyoni akamwita, mama, mama, kimya. Akaita mpaka akalia. Kisha mama akatokeza mbele yake, akamshika kidevu, na hakuwa amekasirika. Usiniite porini, alimwambia. Ukinitaka, nifuate. Na wewe ukiitwa, usiitike mpaka umwone anayekuita. Wanaoita bila kuonekana wana haja zao, na anayewaitika wanakwenda naye.

Huko kwao kila mtoto alifundishwa hivyo. Zamoyoni naye alifundishwa. Halafu akaja mjini, akasoma, akatunga hesabu za mtambo unaowaita watu bila kuonekana, na wala halikumpitia akilini.

"Hajachanganyikiwa," alisema. "Maganga, mama anatukimbia! Anatukimbia sisi! Zima!"

"Nizime nini? Haizimwi mtu akiwa ndani. Sheria hiyo si umeiandika wewe?"

"Basi usiite tena."

"Siiti mimi. Angalia."

Kwenye ukuta herufi zilikuwa zinapita zenyewe. Sauti pendwa ya kwanza imeshindwa. Mwito unatafuta yenye nguvu zaidi. Imepatikana.

Zamoyoni alijua ni ipi kabla haijatoka. Chande mwenyewe ndiye aliyeijaribu mitambo siku zile za mwanzo, anapiga kelele juu ya miti huku anacheka, anamwita kila mtu wa nyumbani kwa jina. Sauti yake iliingia Hazina ikakaa. Hakuna aliyeitoa.

"Mama!" msitu ukaita, kwa sauti ya kijana mchangamfu aliyekuwa chini ya udongo miaka mitatu. "Mama, mimi Chande! Niko huku, mama! Mbona unaniacha?"

Nukta ikasimama. Maganga akapiga kofi la furaha, akasema umeona, amesimama. Lakini nukta haikuja langoni. Ilibaki pale pale, karibu na kijito, na tone la kwanza la mvua likagonga kioo cha dirisha.

Zamoyoni hakusubiri. Aliteremka ngazi, akapita mgahawani akisukuma viti, akaruka kizuizi cha njia ya mbao. Matope yakamshika hadi kwenye vifundo vya miguu. Akaanguka, akanyanyuka, akakanyaga msafara wa siafu wakampanda miguuni, akajipiga makofi bila kusimama. Alikuwa na hasira: na mtambo, na ofisi, na nafsi yake kuliko vyote. Akawa anateremka hivyo, akishikilia migomba-mwitu, na mvua sasa inashuka sawasawa.

"Dada Zamo!"

Akaganda.

"Dada Zamo, unakwenda wapi? Njoo huku bwana!"

Ilitoka kulia kwake, karibu kabisa, na ile "bwana" ya Chande aliyokuwa akiimalizia kila sentensi. Zamoyoni alijua ni kifuu kwenye gome. Alijua masikio-ardhi yamesikia nyayo zake na kumhesabu kuwa amepotea. Alijua mpaka hesabu yenyewe, maana ni yake. Na mdomo ukafunguka.

"Chande?"

"Huku, dada!"

Akaifuata. Ndiyo, mhandisi mzima akaifuata, mti kwa mti, machozi na mvua vimechanganyika, akisema nakuja mdogo wangu, ngoja, nakuja. Alikuja kuzinduka alipoona mbele yake paa la lango. Mwito ulikuwa umefanya kazi yake barabara. Ulikuwa unamtoa nje salama, na mama yake amebaki huko ndani.

Alijitukana kwa sauti, tusi ambalo mama yake angemchapa, akageuka. Chande akaanza kumwita kwa nyuma. Hakugeuka tena. Aliziba masikio kwa viganja pale palipokuwa tambarare, na palipokuwa na mteremko akayaachia masikio, akauma meno.

Alimkuta karibu na kijito, katikati ya mizizi mipana ya mti, amekaa kwenye matope. Kanga zilikuwa zimemganda mwilini. Ncha moja ya kanga ilikuwa imeshikwa ngumi kama asubuhi, na ncha nyingine alikuwa ameisokomeza mdomoni, yote, mpaka mashavu yamevimba, na anaishikilia kwa kiganja isitoke. Macho yalikuwa yamefumbwa. Juu ya kichwa chake, kwenye mti wa pili, Chande alikuwa anaita.

"Mama! Mama, niitikie basi!"

Zamoyoni alitaka kupiga kelele. Neno lilifika kwenye ulimi, akalirudisha. Alizunguka polepole kwa mbele, akapiga magoti kwenye matope, akangoja. Maji ya kijito yalikuwa yameshaanza kugusa mizizi.

Bi Mwanvita akafumbua macho. Alimtazama usoni, akamtazama mikono, akamtazama miguu iliyojaa siafu na tope. Kisha akaitoa kanga mdomoni.

"Sogea nikushike."

Zamoyoni akasogea. Mama akampapasa uso, masikio, shingo, akishikilia kila mahali kwa nguvu.

"Umekuja mwenyewe," alisema. "Zamo, mwanangu ananiita. Ananiita tangu saa ile, na mimi nimeziba mdomo. Mama gani anaziba mdomo akiitwa na mwanawe?"

"Si Chande, mama."

"Najua si Chande! Kwani mimi mjinga? Lakini moyo haujui."

Zamoyoni akamkumbatia, wakalia wote wawili pale mvuani. Ilikuwa mara ya kwanza kulia pamoja tangu mazishi.

"Mimi nilikuita kwanza," Zamoyoni alisema baadaye. "Ukanikimbia."

"Wewe hukuniita. Wewe ndiyo umefika sasa."

"Na nyumbani? Nyumbani nako huitiki."

"Nyumbani ananiita nani? Unaniita ukuta. Ukuta unauliza nimekula, ukuta unauliza nimelala. Ukija mlangoni nikakuona, nimewahi kukunyamazia?"

Zamoyoni alijaribu kukumbuka ni lini mara ya mwisho alifika mlangoni kwa mama. Hutoka alfajiri mama amelala, hurudi taa zimezimwa, na yanayobaki huiachia nyumba. Alikumbuka ule ujumbe kwenye kioo, ambao ulibakiza abonyeze kidole tu mama achukuliwe.

"Habari za Jumatatu nazijua," Bi Mwanvita aliongeza. "Huo huo ukuta umeniambia. Nikauambia sawa, lakini kwanza nikamwone mwanangu alipoangukia."

"Hakuna Jumatatu, mama. Imekwisha hiyo."

Bi Mwanvita alifungua ile ngumi. Ndani ya ncha ya kanga kulikuwa na fundo, na ndani ya fundo unga wa mtama, umelowa, umekuwa donge. Kwao, mtu akifia mahali, hupelekewa unga pale pale, aambiwe ndugu zake wamefika. Kwa miaka mitatu Chande hakuambiwa.

Mkangazi wenyewe haukuwa mbali. Zamoyoni aliujua, aliukwepa kwa macho kila alipopita kazini. Akamshika mama mkono, wakapanda kidogo kutoka kwenye maji, wakafika. Bi Mwanvita aliinama, akaliweka donge la unga kwenye shina, akalibonyeza kwa kidole gumba lisichukuliwe na mvua. "Tumefika, baba," alisema kwa sauti ya chini. "Mimi na dada yako. Tulichelewa, usituchukie."

"Mama!" kinywa kikalia juu yao, juu kabisa, kwenye fundo la kamba ambalo Chande alilifunga kwa mkono wake. "Mama, niko huku!"

Bi Mwanvita aliinua uso, mvua ikampiga machoni. Alikitazama kile kidude.

"Watu walikuja kwenye matanga," alisema. "Walikula, wakaaga. Nikasema basi, mwanangu amepumzika. Kumbe mmemwacha huku, anahangaika kwenye miti mvua na jua? Mlizika mwili peke yake, Zamo."

"Haiti watu wengine, mama. Inatuita sisi tu."

"Ndiyo mbaya zaidi. Mzike."

Zamoyoni aliogopa. Alikuwa na siri yake, kwamba jioni nyingine akiwa kwenye gari huifungua ile sauti, akaisikiliza ikisema dada, dada, kisha akaifunga na kwenda nyumbani akiwa amechoka zaidi ya alivyoondoka. Akiifuta, haitarudi. Hakukuwa na nyingine popote.

"Nitamzika," alisema.

Walirudi wakiwa wameshikana mikono, na njia yote Chande aliwaita kwa zamu, mama, dada, mama, dada. Hakuna aliyeitika. Bi Mwanvita aliminya mkono wa bintiye kila sauti ilipohama mti, mpaka ukafa ganzi.

Maganga aliwapokea ngazini na koti lake. Akamfunika bibi, akamwamkia, "Shikamoo, bibi," akaitikiwa marahaba.

"Huyu ndiye Mnyamwezi aliyenikimbiza msitu mzima?"

"Ni mimi, bibi. Nisamehe."

"Nitakutoza kuku," alisema Bi Mwanvita, huku anatetemeka kwa baridi. Maganga akamletea chai, akamkalisha kwenye kiti cha nje ya mlango, penye hita.

Ndani, Zamoyoni aliketi mbele ya ukuta, akaitafuta sauti. Sheria nyingine, nayo ameiandika yeye, inasema sauti haifutwi mpaka aliyeomba ifutwe aisikilize, asije akakosea. Akaweka kidole juu ya kitufe.

"Jumatatu watakuita," Maganga alisema nyuma yake. "Kuchokoa Hazina bila kibali si mchezo. Unaweza kupoteza kazi."

"Watanikuta."

Maganga akasema kwa sauti ambayo Zamoyoni hakuwahi kuisikia kwake.

"Humo ndani marehemu wako wangapi?"

"Sijui. Hakuna aliyewahi kuuliza."

"Mama yangu yumo." Alikuwa anatazama dirishani, hamtazami Zamoyoni. "Zamu ikiisha, siku nyingine huacha njia makusudi. Naingia ndani kidogo tu, mpaka aanze kuniita. Namwitikia, tunakuja naye mpaka langoni. Langoni ananyamaza. Na si mimi peke yangu, Zamo. Nawaona kwenye ramani. Wapo wanaokuja kila wiki kupotea."

Zamoyoni alimgeukia. Siku zote walipopeleka taarifa mjini, idadi ya waliopotea wakaokolewa ilikuwa inapanda, na wakubwa walikuwa wakipongezana.

Akageukia ukuta. Akaifungua sauti.

"Dada Zamo?" Chande akasema, ndani ya chumba, hapo hapo sikioni. "Dada, uko wapi? Mbona huniitiki bwana?"

Alichukua ncha ya mtandio wake, akaiweka katikati ya meno, akaiuma. Machozi yalimtoka bila kizuizi. Chande akauliza tena, dada uko wapi, na Zamoyoni akabonyeza.

Kimya kilichofuata kilikuwa kikubwa kuliko alivyotazamia. Nje, msitu ulibaki na mambo yake: maji yanadondoka kwenye majani, kijito kinavuma, ndege mmoja anajaribu sauti baada ya mvua. Maganga alikuwa amekaa chini, mikono magotini. Hakuomba chochote juu ya sauti ya mama yake, naye Zamoyoni hakumuuliza.

"Zamo," mtu akaita.

Zamoyoni hakujibu. Aligeuza kiti kwanza, akatazama mlangoni. Mama yake alikuwa amesimama pale na koti la Maganga lililomfika magotini, kanga inachuruzika maji sakafuni, unga wa mtama bado uko kwenye kucha.

"Abee, mama."